Mbwa katika majiji makubwa ya dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasafiri

Nimesafiri na mbwa wangu, Doa, kwa miaka kadhaa sasa. Ni chotara wa kilo 22, mweupe, mwenye doa jeusi juu ya jicho la kushoto. Uzito wake ndio ulionifundisha mengi. Hawezi kuingia kwenye begi, kwa hiyo kila jiji tulilofika lilibidi liseme waziwazi kama linamtaka au halimtaki. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa kila mara. Kanuni hubadilika, hivyo kabla ya kulipia tiketi thibitisha kwa mamlaka ya nchi unayoiendea na kwa kampuni itakayokusafirisha.

Jiji linalopenda mbwa ni jiji la namna gani hasa?

Wengi hutazama picha: mkahawa wenye bakuli la maji mlangoni, wapita njia wanaoinama kumpapasa mbwa wasiyemjua. Yanapendeza, lakini hayakufikishi popote. Mimi hutazama mlango wa treni. Mbwa wa kilo 22 akiruhusiwa kupanda treni, tramu na basi, jiji zima liko wazi kwake: msitu ulio nje ya mji, daktari wa wanyama, nyumba ya rafiki uliyemfuata. Asiporuhusiwa, mtabaki kuzunguka mtaa mliofikia, hata kama kila mwenye duka anamfurahia.

Jambo la pili ninalotazama ni kama kanuni zimeandikwa zikaeleweka. Nimekuja kuamini kwamba jiji lenye masharti makali yaliyo wazi humfaa mbwa kuliko jiji lisilo na masharti, ambako kila safari inategemea dereva wa siku hiyo ameamkaje. Penye sharti unajua la kufanya. Unalitimiza, unapanda, na hakuna wa kukuteremsha.

Sijawahi kusafiri na mbwa. Nianze na jiji gani?

Vienna. Huwa nasema hivyo bila kusita, na watu hushangaa, kwa sababu Vienna ina masharti mengi. Kwenye treni ya chini ya ardhi, tramu na mabasi, mbwa lazima awe na kamba na kifunga mdomo, na hulipiwa nusu nauli. Mdogo aliye ndani ya kikapu hapandi kwa masharti hayo wala halipiwi. Barabarani na kwenye maeneo ya umma lazima awe na kamba au kifunga mdomo, na penye msongamano hutakiwa kifunga mdomo. Tangu 2010 wenye mbwa wa aina fulani zilizoorodheshwa wanatakiwa kufaulu mtihani wa kumwongoza mbwa.

Ukishatimiza hayo, mlango uko wazi. Doa amepanda tramu za Vienna saa ambazo watu wamebanana, na hakuna aliyegeuza kichwa. Bustani nyingi zina sehemu iliyozungushiwa uzio ambamo mbwa anafunguliwa kamba. Kando ya njia kuna visanduku vya mifuko ya kuzolea kinyesi. Mikahawani mhudumu humletea mbwa maji kabla hajakuuliza wewe unakunywa nini.

Tatizo ni kifunga mdomo chenyewe. Usikinunue siku ya safari. Sisi tulianza wiki sita kabla. Nilikuwa napaka jibini laini ndani, mbele kabisa, halafu nakishika mkononi bila kukifunga, Doa anaingiza pua mwenyewe na kulamba. Siku nne hivyo. Kisha nikaanza kupitisha ukanda nyuma ya masikio bila kuukaza, nikihesabu hadi tano na kuutoa. Wiki ya tatu alikuwa anakivaa huku tunatembea, na wiki ya tano alikuwa akikisikia kikigonga sakafu anakuja mbio. Chagua cha kikapu, ambamo mbwa anaweza kufungua kinywa, kuhema na kunywa maji. Kile cha kitambaa kinachobana taya kinamzuia kuhema, na mbwa hupunguza joto la mwili kwa kuhema.

Na Berlin? Nasikia huko mbwa ni kama raia.

Karibu na hapo. Berlin mbwa anapanda treni na mabasi. Mkubwa anahitaji tiketi ya bei ya chini, mdogo aliye kwenye kikapu hapandi kwa tiketi, na anayeweza kuwa hatari kwa wengine lazima avae kifunga mdomo. Kamba imekuwa lazima tangu 2019 kwa mbwa walio wengi, isipokuwa mwenye mbwa awe na cheti kinachothibitisha anajua kumdhibiti.

Kilichonifanya niipende Berlin ni Grunewald, msitu ulio magharibi ya jiji, ambao sehemu yake kubwa imetengwa kwa mbwa kukimbia bila kamba. Unashuka kwenye treni, unatembea dakika chache, na tayari uko katikati ya misonobari. Jumapili utakuta mamia ya mbwa wamelowa ziwani, na ni nadra kusikia ugomvi. Ukitaka kuona mbwa aliyezoea jiji anavyokuwa, nenda huko ukae kwenye gogo saa moja.

Je, mgeni analipa kodi ya mbwa?

Mgeni wa siku chache, hapana. Kodi ya mbwa ya Ujerumani inawahusu wakaazi. Ukihamia Berlin, ni euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza na euro 180 kwa kila anayeongezeka, na mbwa lazima aandikishwe.

London inasifiwa sana. Inastahili?

Ndiyo, mkiisha kuingia. Mbwa wanaruhusiwa kwenye treni za chini ya ardhi, na kwenye mabasi pia ingawa dereva ana haki ya kukataa. Hawalipiwi. Baa nyingi huwapokea, na bustani za kifalme ziko wazi kwao, japo kuna sehemu na majira ya kufunga kamba. Richmond Park, kwa mfano, ina paa wanaoishi humo huru, na wakati wanapozaa, kuanzia Mei hadi Julai, mbwa hafunguliwi.

Kinachowakwamisha wengi ni ngazi za umeme. Kanuni inasema mbwa abebwe, na kanuni hiyo haikutungwa kumsumbua mtu. Pale juu ambapo vidato vinaingia chini ya sahani ya chuma yenye meno, kucha na manyoya ya katikati ya vidole hunaswa, na mbwa hawezi kujua kwamba anatakiwa kuruka. Majeraha yake ni mabaya mno. Mbwa wa kuongoza wasioona waliofunzwa kutumia ngazi hizo ndio wanaosamehewa.

Sasa kilo 22 zibebe kutoka kina kirefu cha ardhi hadi juu uone. Mara ya kwanza nilimbeba Doa kifuani, mkono mmoja chini ya matako, mwingine kifuani pake, na nilipofika juu mikono ilikuwa inatetemeka na yeye alikuwa amenilamba sikio lote. Tangu hapo natafuta vituo vyenye lifti kwenye ramani ya vituo visivyo na ngazi, ile waliyotengenezewa watumiaji wa viti vya magurudumu. Kama huna njia nyingine, waombe wahudumu. Pakiwa hapana watu wengi wanaweza kukusimamishia ngazi upande kwa miguu.

Kumbuka pia kwamba mbwa akiwa mahali pa umma Uingereza lazima avae ukosi wenye jina na anwani ya mwenyewe, hata kama ana chipu ya utambulisho iliyowekwa chini ya ngozi.

Kwa nini siwezi kuruka na mbwa wangu kebini hadi London?

Kwa sababu Uingereza hupokea mbwa wanaoingia kwa ndege za abiria kama shehena tu, kupitia njia zilizoidhinishwa, isipokuwa mbwa wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Hata mdogo wa kilo tatu anashuka kwenye sehemu ya shehena. Treni ya Eurostar, inayokwenda London kutoka bara la Ulaya, nayo haichukui mbwa wa kawaida.

Wengi tunazunguka. Unaruka hadi Paris au Amsterdam, kisha unavuka kwa gari kupitia treni ya Le Shuttle chini ya bahari, mbwa akiwa ndani ya gari na wewe. Asiye na gari anaweza kupanda meli ya usiku kutoka Hook of Holland, Uholanzi, hadi Harwich. Usisahau dawa ya minyoo aina ya tegu: lazima itolewe na daktari wa wanyama kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia Uingereza, na aandike saa aliyoitoa. Nimewaona watu wakizuiwa bandarini kwa sababu walitoa dawa wiki nzima kabla, wakidhani mapema ndiyo salama.

Wazee wa kazi hii watakwambia tumshukuru Mungu. Kabla ya mwaka 2000 mbwa aliyeingia Uingereza alikaa karantini miezi sita.

Paris je?

Paris ni jiji la kukaa mezani na mbwa. Mikahawani utamkuta amelala chini ya kiti, hata pale penye vitambaa vyeupe. Lakini bustani nyingi zimemfungia mlango, au zinamruhusu kwenye njia fulani tu akiwa na kamba, hivyo soma kibao kabla ya kuingia. Mdogo aliye begini hana shida kwenye metro. Mkubwa husafiri kwenye treni za RER, zile zinazounganisha jiji na vitongoji vyake, akiwa na kamba na kifunga mdomo. Kwa mbwa anayehitaji kukimbia, siku tatu Paris ni nyingi.

Ukipata nafasi, fika Asnières-sur-Seine, nje kidogo ya jiji, kwenye makaburi ya mbwa yaliyofunguliwa mwaka 1899. Rin Tin Tin, mbwa wa filamu za Marekani, amezikwa pale. Nilisimama mbele ya kaburi dogo lisilo na jina la mtu, lina jina la mbwa na mpira mmoja wa kuchezea uliochakaa, na nikashindwa kuondoka haraka.

Ni kweli New York lazima mbwa awe ndani ya begi?

Kwenye treni za chini ya ardhi, ndiyo. Kanuni inataka mnyama awe ndani ya kitu cha kumbebea na asiwaudhi abiria wengine. Haisemi begi liwe na ukubwa gani, ndiyo maana utaona mtu ametoboa matundu manne kwenye mfuko wa duka na mbwa mkubwa anatembea ndani yake. Wengi hupita hivyo. Mimi simshauri mgeni kutegemea jambo ambalo askari mmoja akiamua linakwisha. Ukiwa na mbwa mkubwa, kaa karibu na bustani na utembee.

Bustani yenyewe ni Central Park, na siri yake ni saa. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 3 usiku hadi bustani inapofungwa, mbwa wanaruhusiwa kufunguliwa kamba katika sehemu zake nyingi. Amka mapema hata kama mwili umechoka na safari. Upande wa mashariki ipo sanamu ya Balto, iliyowekwa mwaka 1925, mwaka uleule timu za mbwa zilipokokota dawa ya dondakoo kwenye theluji hadi mji wa Nome, Alaska. Mgongo wa sanamu umeng'aa kwa mikono ya watoto.

Migahawa inaruhusiwa kisheria kupokea mbwa kwenye meza za nje, ikiamua.

Na kuingia Marekani: tangu tarehe 1 Agosti 2024 kila mbwa lazima awe ametimiza miezi sita, awe na chipu, na fomu ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iwe imejazwa. Akiwa ametoka nchi iliyoorodheshwa kuwa na hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, nyaraka zinaongezeka.

Tokyo ina sanamu ya Hachikō. Bila shaka inawapenda mbwa?

Inawapenda, kwa utaratibu wake. Hachikō alikuwa akimsubiri profesa Ueno Hidesaburō kituoni Shibuya, na profesa alipofariki mwaka 1925 mbwa aliendelea kuja karibu miaka kumi, hadi naye alipokufa Machi 1935. Sanamu ya kwanza iliwekwa 1934, yeye mwenyewe akiwa hai. Leo ni mahali ambapo watu wengi wa Tokyo hukutania. Lakini mbwa mkubwa wa leo hawezi kufika pale kwa treni kama alivyo. Treni zinataka mbwa awe ndani ya kreti au begi lililofungwa, na kwa JR, kampuni kubwa ya reli, uzito wote usizidi kilo 10. Kichwa hakitakiwi kuchungulia. Ndiyo maana Tokyo imejaa vigari vya kusukuma vyenye mbwa wadogo ndani.

Ugumu mkubwa uko kwenye kuingia. Japani haijawa na kichaa cha mbwa tangu miaka ya 1950, na inalinda hali hiyo kwa nguvu zote. Kutoka nchi nyingi, mbwa anatakiwa awe na chipu, chanjo mbili, kipimo cha damu, kisha asubiri siku 180 tangu damu ilipochukuliwa. Taarifa ya kuwasili hupelekwa siku 40 kabla. Ukifika siku 180 hazijatimia, zilizobaki anazimalizia karantini. Kwa matembezi ya wiki mbili sioni faida. Kwa anayehamia, anza kujipanga miezi minane kabla.

Mbona majiji mengine hayawataki mbwa kabisa?

Sababu hazifanani, na ni vizuri kuzielewa kabla ya kulaumu.

Reykjavik ilipiga marufuku mbwa mwaka 1924, na marufuku ikadumu hadi 1984. Sababu ilikuwa tegu anayetoka kwa mbwa na kuwasababishia watu malengelenge makubwa ini na mapafu. Watu walikuwa wakifa. Leo mbwa wanaishi humo kwa kibali, ila nchi bado huwaweka karantini wanaoingia.

Beijing, ndani ya maeneo yake makuu, huruhusu mbwa mmoja kwa kaya, na asizidi sentimita 35 kwa kimo. Singapore inaruhusu mbwa mmoja tu kwenye nyumba za serikali, ambako ndiko wakaazi wengi wanaishi, na lazima awe wa aina zilizoorodheshwa. Treni na mabasi yake hayachukui mbwa, ila wa kuongoza wasioona. Ukipata kazi huko, suala la nyumba lije kabla ya kusaini mkataba, maana nimeshaandikiwa na watu waliogundua wakiwa tayari wamefika.

Dubai mbwa huandikishwa na hutembezwa kwa kamba, lakini metro haimchukui. Fukwe nyingi za umma zimefungwa kwake. Na popote penye Waislamu wengi, elewa kwamba mate ya mbwa kwa wengi wao ni najisi na yanataka kuoshwa kwa utaratibu maalumu. Anayekwepa mbwa wako njiani huenda anaelekea kuswali. Fupisha kamba, mpishe, endelea.

Istanbul mbwa wa mtaani wako kila mahali. Ni salama kwenda na wangu?

Istanbul imeishi na mbwa wa mtaani kwa karne nyingi. Mwaka 1910 watawala waliwakusanya maelfu na kuwatupa kwenye kisiwa cha Sivriada, ambako walikufa kwa njaa na kiu, na wakaazi hawajasahau. Mwaka 2021 mbwa mmoja wa mtaani aitwaye Boji alijulikana dunia nzima kwa kupanda mwenyewe metro, tramu na vivuko kila siku. Mwaka 2024 bunge la Uturuki lilipitisha sheria inayozitaka manispaa kuwaondoa mbwa mitaani na kuwapeleka kwenye vituo, kukazuka maandamano. Naandika hivi kwa uchungu, kwa sababu naelewa hofu ya mzazi ambaye mtoto wake ameumwa, na nimewaona pia wenye maduka wanaolisha mbwa hao kila asubuhi.

Kwa mbwa wako: hakikisha chanjo zote ziko hai, mtembeze kwa kamba fupi, na mkikutana na kundi usikimbie wala usimnyanyue juu ya kichwa, kwani kumnyanyua huwavuta. Geuka taratibu, vuka barabara.

Mbwa wangu anafanana na Pitbull. Je, kuna shida?

Huenda ikawa kubwa, nami nakuomba usilichukulie kwa wepesi. Uingereza ilipiga marufuku aina nne kwa sheria ya 1991: Pit Bull Terrier, Japanese Tosa, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Baadaye ikaongeza XL Bully, ambaye tangu tarehe 1 Februari 2024 ni kosa kummiliki England na Wales bila cheti cha msamaha. Wanaangalia umbo. Karatasi inayosema ni chotara haitamwokoa mbwa ambaye vipimo vya kichwa na kifua vimelingana na orodha. Ujerumani nayo hairuhusu kuingiza Pitbull, American Staffordshire Terrier, Staffordshire Bull Terrier na Bull Terrier. Mbwa anaweza kuchukuliwa asirudi. Kama una shaka hata kidogo, muulize mwanasheria au daktari wa wanyama wa nchi unayokwenda, kwa maandishi.

Nyaraka zinaanza na nini?

Chipu. Kila kitu kinafuata baada yake.

Nilijifunza hili kwa hasara. Kliniki moja ilimchanja Doa chanjo ya kichaa cha mbwa siku ya Jumatatu, chipu zikawa zimewaishia, wakasema nirudi Jumatano. Nikarudi, ikawekwa, nikaondoka nimeridhika. Miezi miwili baadaye, nilipopeleka karatasi kuhakikiwa, afisa akaweka kidole kwenye tarehe mbili na kunionyesha bila kusema neno. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki, kwa sababu hakuna kinachothibitisha ni mbwa yuleyule aliyechanjwa. Tukaanza upya, na tiketi ikapotea.

Kwa nchi za Umoja wa Ulaya mpangilio ni huu. Chipu ya viwango vya kimataifa vya ISO inawekwa kabla ya chanjo au siku hiyohiyo. Mbwa anachanjwa akiwa na wiki 12 au zaidi, kisha anasubiri siku 21. Akitoka nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja huo, damu inachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, na maabara iliyoidhinishwa lazima ikute kingamwili zisizopungua vizio vya kimataifa (IU) 0.5 kwa mililita. Hapo anasubiri miezi mitatu tangu damu ichukuliwe. Cheti cha afya hutolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili. Jumlisha mwenyewe: si chini ya miezi minne.

Australia ni ndefu zaidi. Mbwa wengi huingilia Melbourne na kukaa kituo cha Mickleham siku 10 au 30, kutegemea kama utambulisho wake ulithibitishwa mapema na serikali ya nchi alikotoka.

Masharti haya yanachosha, ila kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Nikikumbuka hilo, najaza fomu.

Ndege: kebini au chini?

Mashirika mengi yanayoruhusu mbwa kebini huweka kikomo cha kilo 8 hivi, pamoja na begi lenyewe. Mkubwa husafiri chini, kwenye chumba chenye hewa na joto linalodhibitiwa. Kreti iwe ya ukubwa wa kumwezesha kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujilaza. Mzoeshe kulala humo nyumbani mwezi mzima, mlango wazi. Weka fulana uliyoivaa, usiioshe.

Mbwa wa pua fupi kama Bulldog na Pug wako hatarini zaidi, kwa sababu njia zao za hewa ni nyembamba, na mashirika mengi hayawachukui sehemu ya mizigo. Tafadhali usilazimishe. Kati ya Southampton na New York ipo meli, Queen Mary 2, yenye vyumba vya mbwa na mtu wa kuwahudumia, ila nafasi hujaa mapema sana.

Nimpe dawa ya usingizi?

Hapana. Dawa za kutuliza hushusha presha na kuharibu upumuaji, na angani hakuna wa kumwangalia. Mashirika mengi humkataa mbwa aliyelegea.

Mbwa wa kunifariji kisaikolojia ana haki sawa na mbwa mwongozaji?

Katika nchi nyingi, hana. Mbwa mwongozaji amefunzwa kazi mahususi, na mafunzo hayo yana historia ndefu: shule ya kwanza ilianza Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa askari waliopofuka vitani. Marekani iliacha kuyalazimisha mashirika ya ndege kuwachukua mbwa wa faraja kama wa huduma mwaka 2021. Usinunue vesti mtandaoni na kumvisha mbwa asiyefunzwa. Kila anayefanya hivyo humfanya asiyeona aliye nyuma yake ahojiwe mlangoni.

Kinyesi?

Kizoe, kila mara, kila jiji. New York ilianza kulazimisha hilo mwaka 1978. Paris ilijaribu kuzoa yenyewe kwa pikipiki zenye mashine ya kufyonza kuanzia 1982, na baada ya miaka zaidi ya ishirini ikaachana nazo na kuwabana wenye mbwa kwa faini.

Joto na baridi vinahitaji maandalizi gani?

Weka kiganja, upande wa nyuma, juu ya lami. Ukishindwa kukivumilia kwa sekunde saba, naye hawezi. Tembea alfajiri na usiku. Kwenye majiji ya theluji, chumvi inayomwagwa njiani inachoma nyayo, na mbwa huilamba, hivyo beba kitambaa cha maji na umfute kila mnaporudi ndani.

Je, kuna safari ambayo ni afadhali kumwacha nyumbani?

Zipo nyingi. Safari ya chini ya wiki mbili inayohitaji ndege ndefu. Jiji ambalo treni hazimchukui na ratiba yako imejaa makumbusho. Mbwa anayetetemeka sauti zikizidi. Mbwa mzee.

Doa sasa ana miaka kumi na moja, na nyonga ya nyuma imeanza kukaza. Safari iliyopita nilimwachia jirani ambaye amemjua tangu akiwa mtoto. Nilimpelekea mkeka wake, bakuli lake, na karatasi yenye namba ya daktari na saa za chakula. Siku ya tatu jirani akanitumia picha: amelala kwenye mlango wa jikoni la watu, tumbo juu, kama yuko kwao. Nikaiangalia nikiwa kwenye tramu ya Vienna, na mbele yangu alikuwapo mbwa mwingine, mwenye kifunga mdomo cha kikapu, amelaza kidevu juu ya kiatu cha mwenyewe.